Kuchonga uso kwa mawimbi ya redio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu madhara na hatari zake

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa tena na tena na watu wanaotaka kukaza taya, kupunguza kidevu cha pili au kurudisha mashavu yaliyolegea kwa mashine ya mawimbi ya redio. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya huduma, mtu akiwa ameshaona kitu kwenye kioo na hajui amwambie nani. Kama ngozi yako imeungua sasa hivi, ruka yote uende swali la 18.

## Mambo ya msingi

1. Mashine hii inafanya nini hasa ndani ya ngozi?

Inapitisha umeme unaogeuza mwelekeo mara mamilioni kwa sekunde. Ngozi na mafuta yaliyo chini yake huupinga umeme huo, na upinzani huo ndio unaozaa joto. Kasi ni kubwa mno hata misuli haiwahi kuitikia, ndiyo maana hutahisi kupigwa shoti. Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alilionyesha jambo hili mwaka 1891, na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoendesha kisu cha umeme ambacho madaktari wa upasuaji wamekitumia tangu miaka ya 1920. Mashine ya uso ni ndugu wa kisu hicho. Kinachovitofautisha ni kipimo cha joto na mahali linapoelekezwa.

Kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ngozi, hujikunja zikifikia nyuzi joto 60 hadi 65 hivi. Baada ya hapo mwili huona kuna jeraha dogo na kuanza kutengeneza kolajeni mpya, kazi inayochukua miezi 3 hadi 6. Seli za mafuta nazo zikikaa kwenye nyuzi 43 hadi 45 kwa dakika kadhaa huanza kufa taratibu. Kwa hiyo huduma yote hii ni jeraha lililopimwa. Madhara huanza pale kipimo kinapokosewa.

2. Je, aina zote zina hatari sawa?

Hapana. Iko ya nguzo moja, ambapo umeme huingia usoni na kutokea kwenye bamba lililobandikwa mgongoni au pajani. Joto lake huzama sana. Iko ya nguzo mbili au zaidi, ambapo umeme huzunguka kati ya ncha za kichwa cha mashine. Hii haizami sana na kwa kawaida hurudiwa mara kadhaa. Iko ya sindano ndogo ndogo, zinazotoboa ngozi na kutoa joto ndani. Na iko ya bomba jembamba linaloingizwa chini ya ngozi kupitia tundu. Hii ya mwisho ni upasuaji mdogo, hata ikitangazwa kwa jina gani.

Kadiri joto linavyokwenda ndani ndivyo linavyoweza kuleta mabadiliko makubwa, na ndivyo linavyokaribia mafuta na neva, yaani mishipa ya fahamu. Kabla ya kukubali lolote, jua ni ipi kati ya hizi nne utakayofanyiwa. Watu wengi wanaokuja na tatizo hawajui.

3. Mawimbi haya huleta saratani?

Si mionzi ya aina ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja vinasaba vya seli; kazi yake ni kupasha joto tu. Hata hivyo hayapitishwi juu ya uvimbe au doa ambalo halijajulikana ni nini. Doa linalobadilika rangi au umbo lionwe kwanza na daktari wa ngozi.

## Madhara ya kawaida

4. Siku za mwanzo nitarajie nini?

Wekundu wa saa chache, ngozi yenye joto kama umekaa juani, uvimbe kidogo wa siku moja hadi kadhaa, na maumivu ukibonyeza. Kwa aina ya sindano, ongeza vidoti vidogo vya magamba, ukavu, na pengine michubuko, hasa kwa anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Baadhi ya watu hupata ganzi ndogo sehemu ya taya au shingo ambayo hupungua kwa siku au wiki.

Kigezo ninachokitegemea ni mwelekeo. Cha kawaida hupungua kila siku. Kinachoongezeka siku ya pili au ya tatu si cha kawaida, hata kama kwenye orodha uliyopewa kimeandikwa "wekundu".

5. Uso ulionekana umekaza siku ile ile, sasa umerudi kama zamani. Nimeharibikiwa?

Hapana. Sehemu ya ule ukazo wa siku ya kwanza ni uvimbe. Ukiisha, unabaki na uso wako uleule ukisubiri kolajeni mpya. Hatari iko katika kukata tamaa wiki ya tatu na kudai urudiwe kwa nguvu zaidi, wakati mwili haujamaliza kazi ya mara ya kwanza.

6. Inauma kiasi gani, na je, nivumilie?

Utasikia joto, wakati mwingine joto kali la sekunde moja mbili linalopoa. Usivumilie zaidi ya hapo. Kama utakumbuka jibu moja tu katika ukurasa huu, na liwe hili.

Kipimajoto cha mashine husoma ngozi ya juu, na si mashine zote zinazo kimoja. Kinachojua hali ya ndani kwa haraka ni neva zako. Kuna siku nilikuwa nikipitisha kichwa cha mashine pembeni mwa taya ya mtu, karibu na mfupa. Nilimuuliza kama yuko sawa, akajibu yuko sawa. Lakini vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja ndani ya soksi. Nikasimama, nikagusa jeli inayopakwa kati ya mashine na ngozi, nikakuta imekauka upande mmoja. Ngozi pale ilikuwa na alama nyekundu ya ukubwa wa ukucha, na kesho yake ilikuwa imeondoka. Ningeendelea kidogo tu, lingekuwa lengelenge. Alikuwa na adabu ya kutotaka kunisumbua, na adabu hiyo ingemwachia kovu.

Mashine za nguzo moja zilipoanza kutumika usoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi walitumia nguvu kubwa kwa mapito machache, na mteja akipewa dawa nyingi za kuzuia maumivu. Kukatokea kuungua na mashavu kubonyea. Baadaye mtindo ukabadilika: nguvu ndogo, mapito mengi, na mteja akiwa macho akisema anachohisi. Kwa hiyo ukimwambia mhudumu "hapo panaunguza", unamsaidia kazi yake. Akikujibu "vumilia ndiyo ifanye kazi", mwambie azime.

7. Krimu ya ganzi je?

Kwa aina ya sindano huwezi kuikwepa, na si mbaya ikitumiwa kwa kiasi. Ila ina mambo mawili. Kwanza, inapunguza ile sauti ya tahadhari niliyoieleza swali la 6, kwa hiyo mhudumu anapaswa kuwa mwangalifu maradufu. Pili, lidokaini, dawa ya ganzi iliyo ndani yake, hupenya na kuingia kwenye damu. Ikipakwa eneo kubwa, kwa muda mrefu, au ikafunikwa kwa nailoni bila maelekezo, inaweza kuleta kizunguzungu, ganzi ya ulimi, mlio masikioni, na ikizidi, degedege na mapigo ya moyo kuvurugika. Usijipake nyingine nyumbani kabla ya kufika bila kusema.

## Madhara makubwa

8. Kuungua hutokeaje wakati mashine ni ya kisasa?

Mara nyingi ni kwa sababu ya mguso mbaya. Kichwa cha mashine kikiinama, umeme wote hupita kwenye ukingo mmoja. Jeli ikikauka, cheche ndogo huruka kati ya chuma na ngozi. Mkono ukisita mahali pamoja, joto hujilimbikiza. Kwenye mifupa iliyo karibu na ngozi, kama taya, shavu na paji, hakuna nyama ya kutosha kulisambaza. Hata lile bamba la mgongoni likibandikwa nusunusu linaweza kuunguza huko huko mgongoni, mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Kuungua kidogo ni wekundu unaodumu. Kukizidi huja malengelenge, gamba, kisha doa jeusi au jeupe, na wakati mwingine kovu. Kwa sindano, alama huweza kubaki katika mistari iliyopangika kama wavu, kwa kufuata mpangilio wa sindano zenyewe.

9. Ni kweli mashavu yanaweza kubonyea?

Ni kweli, na hili ndilo linaloniumiza zaidi kati ya yote, kwa sababu halionekani mapema. Ngozi inapona vizuri, mtu anafurahi, kisha baada ya wiki au miezi michache anaona kivuli kwenye shavu ambacho hakikuwepo. Anabadilisha taa, anapiga picha, anajiambia amekonda. Kumbe mafuta ya chini ya ngozi yalipikwa.

Mafuta ya usoni ndiyo yanayoupa uso ujana. Kuyapunguza chini ya kidevu ni jambo moja, kuyagusa shavuni au kwenye kipaji cha pembeni ni jambo jingine kabisa. Ngozi ya uso ina unene wa milimita moja hadi mbili hivi sehemu nyingi, na kwenye kope ni nyembamba zaidi. Sindano iliyowekwa milimita 3 kwenye shavu jembamba haiko tena kwenye ngozi, imeshafika kwenye mafuta. Kwa mtu mwenye uso mnene kina hicho hicho huenda kisilete neno. Ndiyo maana kutumia kipimo kimoja kwa kila anayekuja ni kosa.

Walio hatarini zaidi ni wenye uso mwembamba kwa asili, wanariadha wa mbio ndefu, na waliopungua uzito haraka, ikiwemo kwa dawa za sindano za kupunguza uzito. Watu wa kundi hili la mwisho huja wakitaka ngozi iliyolegea ikazwe, na ndio wasio na akiba ya mafuta ya kupoteza. Kuhusu marekebisho, tazama swali la 20.

10. Mdomo unaweza kwenda upande?

Unaweza, ingawa ni nadra kwa aina za juu ya ngozi. Kuna tawi la neva ya uso linalopita kwenye ukingo wa taya na kushusha mdomo wa chini. Likiguswa na joto, ukitabasamu upande mmoja hautashuka. Jingine hupita pembeni mwa paji na kuinua nyusi. Shingoni, nyuma kidogo ya pembe ya taya, iko neva inayoleta hisia kwenye sikio, na ikiumia sikio hufa ganzi. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa bomba la chini ya ngozi na sindano za kina. Nyingi hupona kwa wiki au miezi, lakini si zote, na lazima daktari aone mapema.

11. Na macho?

Huduma karibu na macho inahitaji kinga maalumu, na kwa kichwa cha mashine kinachopita juu ya kope kinga hiyo iwe ya plastiki, inayowekwa chini ya kope. Chuma hupitisha umeme na kinaweza kuunguza jicho. Maumivu ya jicho, ukungu au kushindwa kuvumilia mwanga baada ya huduma ni safari ya daktari wa macho siku hiyo hiyo.

12. Maambukizi na vidonda vya mdomo?

Kila kinachotoboa ngozi kinaweza kuingiza vijidudu, na sindano zinapaswa kufunguliwa mpya mbele yako. Kama umewahi kupata malengelenge ya hepesi mdomoni, joto na majeraha vinaweza kuyaamsha; sema mapema, daktari atakupa dawa ya kuyazuia. Vinundu vidogo vinavyouma chini ya ngozi hutokea pia, na vingi huyeyuka vyenyewe kwa wiki chache.

13. Nimesikia mamlaka ya Marekani imetoa tahadhari. Inahusu nini?

Oktoba 2025, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu aina ya sindano. Ilieleza kwamba imepokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta, kuharibika kwa sura na kuumia kwa neva, hata wengine kuhitaji upasuaji wa kurekebisha. Ilisisitiza kwamba hii ni huduma ya kitabibu, isichukuliwe kama urembo wa kawaida, na isifanywe nyumbani. Haikuipiga marufuku. Mimi naisoma hivi: mashine iliyofunguliwa milango kama ya saluni ilistahili milango ya hospitali tangu mwanzo.

## Ngozi nyeusi, magonjwa na vitu vilivyo mwilini

14. Nina ngozi nyeusi. Niogope zaidi?

Kwa upande mmoja una nafuu. Leza na taa kali hutafuta rangi ya ngozi na kuipasha joto, wakati mawimbi ya redio hayajali rangi. Lakini ngozi yetu nyeusi hujibu jeraha lolote kwa kutoa weusi. Kuungua ambako kwa mwenzako mweupe kungeacha wekundu wa wiki mbili, kwako kunaweza kuacha doa la miezi mingi. Kwa aina ya sindano, zilizofunikwa ili zitoe joto nchani tu huilinda ngozi ya juu vizuri zaidi; uliza kama ndizo. Krimu ya kukinga jua ni lazima hata kama hujazoea kuipaka.

Mwenye tabia ya kuota keloidi, yale makovu yanayovimba na kuvuka mpaka wa jeraha, aepuke sindano na bomba mpaka daktari wa ngozi amwone.

15. Nani asifanye kabisa?

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kifaa kingine cha umeme mwilini, kikiwemo cha kusikia kilichopandikizwa sikioni: umeme wa mashine unaweza kukivuruga. Mjamzito. Mwenye maambukizi, vidonda au chunusi zilizoiva eneo husika. Mwenye chuma kilichopandikizwa usoni. Asiyehisi vizuri usoni, kwa sababu hatajua anaungua. Wenye magonjwa ya kinga kama lupasi, kisukari kisichodhibitiwa, au wanaotumia aisotretinoini ya chunusi, wazungumze kwanza na daktari wao; kwa aina ya sindano wengi husubiri hadi miezi 6 baada ya kuacha dawa hiyo. Usiache dawa ya damu kwa uamuzi wako ili usichubuke. Mchubuko si kitu mbele ya kiharusi.

16. Nina filla (sindano ya kujaza uso), botoksi (sindano ya kulegeza misuli) au nyuzi zilizopandikizwa usoni. Na meno ya chuma?

Filla za asidi ya hayaluroniki na botoksi si kizuizi cha kudumu, ila wengi huacha angalau wiki mbili zipite. Filla za kudumu kama silikoni ni habari nyingine: joto juu yake linaweza kuamsha uvimbe mgumu kutibika. Nyuzi za dhahabu ni chuma, hazipatani na umeme huu. Waya wa meno au jino la chuma linaweza kukuchoma kwa ndani mashine ikipita shavuni. Pamba ya gozi kati ya meno na shavu husaidia. Vua hereni na kipini. Usifiche kitu ulichochomwa zamani kwa kuona aibu. Hakuna anayekuhukumu, na mhudumu asiyejua ndiye atakayekuunguza.

17. Mashine za nyumbani ni salama?

Nguvu yake ni ndogo, na matokeo pia. Hatari hutoka kwa mtumiaji: kurudia kila siku badala ya ratiba, kupita mahali pamoja kwa dakika nyingi, kubana jeli ili isiishe. Vizuizi vya swali la 15 vinahusu mashine hizi pia. Za sindano zenye umeme zisitumike nyumbani kamwe.

## Mambo yakiharibika

18. Nimeungua. Nifanye nini sasa?

Mwagia maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Bado inafaa hata kama zimepita saa mbili au tatu. Usiweke barafu, dawa ya meno, siagi wala mafuta. Usitoboe lengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, piga picha, kisha muone daktari siku hiyo, hata kama aliyekuhudumia anasema ni kawaida. Baadaye usikwangue gamba, usipake retinoli wala skrabu, na likinge eneo lisipate jua.

19. Lini ni dharura?

Uso kupinda au jicho kushindwa kufumba. Kuona ukungu. Wekundu unaosambaa ukiwa na homa, usaha au harufu. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili. Ngozi inayogeuka nyeupe au kijivu na kukosa hisia: hiyo ni kuungua kwa kina, na ukimya wake huwadanganya wengi.

20. Shimo la shavuni au kovu vinarekebishika?

Mara nyingi kwa sehemu, na kwa subira. Shimo huweza kujazwa kwa filla au kwa mafuta yaliyochukuliwa sehemu nyingine ya mwili, ila daktari huwa anasubiri miezi kadhaa aone lilipotulia. Kovu lililoinuka hutibiwa kwa bandeji za silikoni au sindano za steroidi. Doa jeusi hufifia kwa kinga ya jua na krimu alizoandika daktari. Krimu za kuchubua za kununua kiholela zitaongeza jeraha la pili juu ya la kwanza. Na usikubali kurudishiwa mashine ile ile "ili kusawazisha". Mafuta yaliyopotea hayarudi kwa kupashwa joto tena.

21. Nikienda kwa daktari mwingine nimwambie nini, wakati sijui nilifanyiwa nini?

Rudi ulikohudumiwa uombe rekodi zako: aina ya mashine, kichwa kilichotumika, nguvu, kina cha sindano, idadi ya mapito, tarehe. Ni taarifa za mwili wako, una haki ya kuziomba. Wasipokupa, andika mwenyewe unachokumbuka ukiwa bado unakumbuka: kama kulikuwa na bamba mgongoni, kama sindano zilitoboa, ni wapi hasa uliposema panaunguza, na ulijibiwa nini. Ambatanisha picha za kabla na za kila siku baada ya hapo, zikipigwa dirisha lile lile na saa ile ile, maana shavu lililobonyea hujificha kwenye mwanga wa mbele na kujionyesha kwenye mwanga wa pembeni.